Salamu za Chumba cha Uani

Pazi alikuwa na kikohozi ambacho hakuna daktari angeweza kukitibu, maana hakikuwa ugonjwa, kilikuwa adabu. Kila alipofika nyumbani kwake Kilakala, mjini Morogoro, kabla hajashika kitasa cha mlango, alisimama, akasafisha koo, akakohoa kwa nguvu, kisha akangoja. Ndani, mama mkwe wake, Bi Mwaisha, alikisikia kile kikohozi pale alipokuwa amekaa uani, akajua mkwe amefika, akajiinua kwenda kujificha chumbani. Ndiyo mila ya kwao huko Kinole, juu milimani Uluguru. Mkwe mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai mahali pamoja, hawaombani hata chumvi, na wakiwa na la kuambiana humtafuta mtu wa katikati. Wala si chuki. Ni heshima, na waliozaliwa ndani yake hawaoni uzito wake mpaka siku mmoja wao avunjike mguu.

Na Bi Mwaisha alikuwa amevunjika mguu. Masika yalikuwa yamekolea, njia za Kinole zimekuwa utelezi mtupu, naye akaona kwa umri ule bado anaweza kushuka mteremko na mkungu wa ndizi kichwani. Mkungu ulifika salama. Yeye alibebwa kwa machela hadi barabarani, akapandishwa gari, akaletwa hospitali mjini, akafungwa hogo jeupe la plasta kuanzia mguuni mpaka juu ya goti, akakabidhiwa kwa bintiye Shamsia, mke wa Pazi. Wakapewa na onyo kwamba mguu utulie, asiukanyagie, la sivyo mfupa utaungana upande na bibi atachechemea maisha yake yote.

Sasa utulie vipi katika nyumba yenye mkwe? Pazi akikohoa, akiwa pale nje alisikia gongo likigonga saruji, kisha mguu ukiburutwa, kisha gongo tena, na katikati yake pumzi ya mtu anayemeza maumivu asisikike. Alitamani kupiga kelele kwamba akae tu, asihangaike. Lakini angepigaje kelele, na huyo ni mkwewe? Basi alisimama pale mlangoni kwake mwenyewe na mfuko wa nyanya mkononi, akiona haya hadi kisogoni, mpaka asikie mlango wa chumba cha uani umefungwa.

Akaona dawa ni kutokufika nyumbani. Akawa anashinda kwenye kibanda chake cha kurekodi kanda, chakula cha mchana analetewa huko huko na bintiye Shakila akitoka shule, na jioni anapoteza muda kwenye baraza ya jirani yao wa mkabala, Mama Editha, mjane wa Kichaga mwenye kuongea kwa ajili ya watu wawili. Lakini Bi Mwaisha hakuwa mjinga. Haikupita muda akajua kwamba amemfukuza mwanamume nyumbani kwake. Ikamkera kuliko mguu. Akamwita Shamsia akamwambia kwamba amepeleka ujumbe kwa Abeid, yule mwenye Landrova inayopanda Kinole kila Jumamosi na kushuka na ndizi, amwekee nafasi mbele. Anarudi kwake.

Shamsia alilia. Alimkumbusha maneno ya hospitali, akamkumbusha kwamba Landrova ya Abeid inaishia darajani, na kutoka darajani mpaka nyumbani ni kupanda tu, tena kupanda kwa kushika mizizi. Bi Mwaisha akajibu kwamba ameipanda njia ile tangu hajaota meno. Ukimjua Bi Mwaisha, unajua hapo mazungumzo yameisha.

Usiku wa habari hiyo Pazi hakula. Na si kwa sababu ya mguu peke yake. Kulikuwa na neno moja alilokuwa nalo moyoni miaka mingi, la kumwambia yule mama, na hakuwahi kupata njia ya kulisema. Kama angepanda ile Landrova na kwenda kuharibika mguu huko mlimani, Pazi aliona kwamba yeye ndiye atakuwa amemlemaza, tena bila hata kumwambia ahsante.

Ahsante ya nini? Ya redio.

Miaka ya nyuma kiwanda alichokuwa akifanyia kazi Pazi kilifunga milango, mashine zikabaki kuota kutu zikingoja mnunuzi, na wanaume wenye afya zao wakawa wanashinda kwenye bao. Ndiyo zama zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, zilipoanza kunoga. Madukani vilijaa vitu ambavyo watu hawakuviona tangu wazaliwe, na mifukoni hamkuwa na kitu. Ukoo wa kina Shamsia ukakutana. Kwa Waluguru mwenye sauti ni mjomba, na wajomba walisema kwa sauti moja kwamba binti arudi nyumbani na watoto wake, maana mume aliyenaye kazi yake sasa ni kuhesabu kokwa za bao. Bi Mwaisha aliwasikiliza kaka zake mpaka mwisho, hakubisha hata neno. Kesho yake akateremka mlima na redio kaseti kichwani, redio kubwa ya spika mbili aliyoachiwa na marehemu mumewe, kitu pekee cha thamani ndani ya nyumba yake na furaha yake ya kila jioni.

Pazi alimsikia, hakumwona. Alikuwa nyuma ya mlango wa chumba, na yule mama alikuwa kizingitini, hakutaka hata kuingia kunywa maji. Alisema na Shamsia, lakini alipaza sauti kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Mwambie mwenzio, hiki ni chake. Akifanyie kazi. Na kitu nikishampa mkwe sikirudishi mikononi mwangu, itakuwa kama nimekuchukua na wewe."

Halafu akaondoka, akarudi mlimani kwenye nyumba isiyo na muziki.

Kwa redio ile Pazi alianza kurekodi kanda. Aliazima nyingine kwa rafiki yake Castory, fundi redio mwenye asili ya Mahenge, wakaziunganisha kwa waya, hii inapiga, ile inanasa. Watu wakaja. Kila mtu alitaka nyimbo zake kwenye kanda yake, na kina mama wa sokoni walitaka taarabu upande huu na dansi upande ule. Kulikuwa na kasoro moja tu. Siku Pazi alipoipeleka kibandani gari liliitikisa redio, kitu ndani kikalegea, na tangu hapo kila gurudumu la kanda lilipozunguka, lilifanya tik. Castory aliifungua zaidi ya mara moja, akatoa vitu, akarudisha, vikabaki vingine mezani, na bado ikafanya tik. Kila nakala iliyotoka kibandani ikarithi. Wateja walimtania Pazi kwamba ukinunua kanda yake umepata na saa ya bure.

Yeye hakuona utani. Aliona kwamba amepewa kitu kizima na mkwewe, na kwake kimegeuka kilema. Mambo yalipomnyookea, akanunua deki mpya za Dubai, zisizo na makelele, akaipandisha redio ya Bi Mwaisha juu ya kabati na kuifunika kitambaa cha kufuma. Nyumba ikajengwa, watoto walivaa viatu, sebuleni pakakaa spika ndefu kuliko Shakila. Vyote hivyo vilitoka kwenye ile redio. Na mwenye redio hajaambiwa lolote mpaka leo.

Basi Pazi alianza na lililo jepesi. Kama mama anachoka na upweke wa chumba cha uani, angalau apate muziki. Akamtuma Shamsia ampelekee redio kaseti mpya kabisa, bado imo kwenye boksi. Ikarudi na boksi lake, Pazi akairudisha dukani. Bi Mwaisha alikuwa amesema kwamba yeye alitoa redio, na akipokea redio, watu watasema mkwe amemlipa, na wakishalipana basi undugu umekwisha. Pazi akajaribu kufungulia spika za sebuleni kwa sauti kubwa ili zifike uani. Zilifika mpaka msikitini, akaja mzee mmoja kuuliza kwa upole kama hapo pana harusi.

Ndipo alipokwenda kwa Castory. Castory alikuwa na kibanda kilichojaa redio zilizochanwa matumbo, na kifuani alikuwa na ndoto moja ya zamani, kuwa mtangazaji. Alitengeneza redio za watu huku akiongea kama yumo ndani yake. Alimsikiliza Pazi, akaokota kijiredio kidogo cha Kichina, vile vya mfukoni vilivyojaa mjini siku zile, akamwonyesha sehemu iliyoandikwa FM.

"Umewahi kusikia nini hapa?"

Pazi akasema hajasikia kitu, mikwaruzo tu. Na ilikuwa kweli. Stesheni mpya za FM zilikuwa Dar es Salaam, na Morogoro zilikuwa bado hazijafika, ila siku moja moja zikijikokota na upepo. Kila nyumba ilikuwa na redio yenye FM na hakuna aliyejua kazi yake. Castory akamweleza kwamba nafasi yote hiyo iko tupu, kiwanja kisicho na mwenyewe, na kwamba yeye anaweza kutengeneza transmita ndogo, ukaichomeka kwenye deki, nayo ikarusha muziki bila waya, ukasikika kwenye kila kijiredio kilichomo ndani ya nyumba. Jikoni, chumbani, uani. Pazi akauliza kama itafika nje. Castory akamwangalia kwa huruma, akamwambia kidude cha betri moja hakivuki hata ukuta wa pili.

Kesho yake mchana kikawa tayari, kimekaa ndani ya kibweta cha plastiki cha kuwekea sabuni, na waya mmoja umening'inia. Kijiredio cha mfukoni kilikuwa cha Shamsia tangu zamani, akisikilizia vipindi jikoni, kwa hiyo hakikuwa zawadi ya mkwe kwa mtu yeyote. Shamsia akampelekea mama yake, akakiweka karibu na mto. Sebuleni Castory akachomeka, akasogeza kiskrubu kidogo kwa bisibisi, na muziki wa deki ukaingia chumba cha uani bila kupita mlangoni.

Shamsia alirudi akicheka na machozi. Mama alikuwa amekigeuzageuza kile kijiredio, akauliza nani anapiga. Alipoambiwa ni mkwewe, yuko sebuleni, alikisogeza sikioni. Jioni ile Pazi hakukohoa, kwa kuwa hakwenda popote. Alikaa na deki zake akibadilisha kanda, na kule uani gongo halikusikika. Alichagua kanda safi tu, za deki mpya. Zile za mwanzo zenye tik alizisukumia nyuma kabisa ya droo, mkwe asije akajua redio yake iliharibikia mikononi mwake.

Siku mbili tatu zikaenda hivyo, na nyumba ikawa na raha ambayo haikuwahi kuwa nayo. Shamsia akipika muziki unamfuata jikoni. Bi Mwaisha akaanza kutuma maombi kupitia Shakila, kwamba huyo mwenye sauti nyembamba apunguzwe, na yule wa magitaa arudiwe. Mtu anayeagiza nyimbo, Pazi aliwaza, hana safari. Akajidanganya. Jumatano Bi Mwaisha akamwambia bintiye amkunjie nguo, Jumamosi haiko mbali. Alishukuru sana kwa muziki, alisema, lakini muziki haufungui mlango, na kila siku mwenye nyumba akirudi bado inabidi mmoja wao akimbie. Halafu akauliza, kana kwamba limemjia hivi hivi, kama ile redio yake bado ipo.

Shamsia alipoleta swali hilo sebuleni, Pazi aliinua macho juu ya kabati. Akaona ameumbuka. Akamwambia mkewe ajibu kwamba ipo, imepumzishwa. Bi Mwaisha, alivyoambiwa, aliguna tu.

Aliyeleta wazo la salamu ni Shamsia, na tulipe jina lake hapo, maana Castory mpaka leo anasema ni lake. Alikumbusha kwamba kwenye redio ya taifa kila siku watu hutuma salamu, na wanaume wazima huwasalimu mama wakwe zao nchi nzima ikisikia. Hakuna ukoo uliowahi kuita kikao kwa hilo. Kwa nini? Kwa sababu anayesema si mkwe, ni mtangazaji. Mtu wa katikati. Mila haikukataza wakwe kuambiana, ilikataza kuambiana wenyewe.

Pazi alilifikiria lile jambo akaliona halina tundu. Akakaa na Castory, akampa maneno yake, akayarudia mpaka fundi akayashika. Wakapanga Ijumaa mchana, Pazi asiwepo kabisa nyumbani, isije ikaonekana yuko nyuma ya sauti. Yeye atakuwa barazani kwa Mama Editha.

Ijumaa ilipofika, umeme ukakatika. Mgao haukuwa na adabu kwa mtu. Deki zote zikazima, spika ndefu zikawa samani. Pazi alikuwa ameshavuka njia, amekaa barazani, hajui la kufanya, maana kurudi ni kukohoa na kukohoa ni gongo. Kule ndani Castory hakukata tamaa. Transmita inakula betri, maikrofoni inakula betri, kijiredio cha bibi kinakula betri. Kilichokosekana ni mashine ya kupiga kanda isiyotegemea umeme, na mashine ya namna hiyo mle ndani ilikuwa moja. Akapanda juu ya stuli, akaondoa kitambaa cha kufuma, akaishusha redio ya Bi Mwaisha, akaijaza mawe mapya ya betri, na kwa kuwa alikuwa na haraka akatumbukiza kanda ya kwanza iliyomjia mkononi kutoka nyuma ya droo.

Mama Editha alikuwa anachambua mchele na redio yake mpya ya betri imekaa dirishani. Alimwambia Pazi kwamba siku hizi kuna stesheni mpya nzuri sana, haina matangazo ya vifo wala bei za mazao, ni muziki tu, hajui ni ya wapi. Pazi alikuwa hajamwelewa. Mara ile redio dirishani ikaanza kupiga gitaa la dansi la zamani, na chini ya gitaa, taratibu, kila gurudumu likizunguka, tik. Tik. Tik.

Mambo mawili yalimfika kwa pamoja. La kwanza, kwamba Castory na kidude chake kisichovuka ukuta wa pili wamekuwa wakiburudisha mtaa mzima. La pili, baya zaidi, ni kwamba mkwewe sasa hivi anaisikia redio yake ikiwa na maradhi. Alinyanyuka ili akimbie akazime, akakumbuka hawezi kuingia, akakaa tena. Sauti ya Castory ikapanda juu ya gitaa, imevaa suti.

"Hii ni Redio Uani, msikilizaji mpenzi. Salamu hizi zinatoka kwa Baba Shakila wa hapa Kilakala, na zimfikie mama mkwe wake, Bi Mwaisha wa Kinole, popote pale alipo."

Popote pale alipo. Alikuwa amelala nyuma ya ukuta wa sebule aliyomo Castory, umbali wa mtu kumpasia chumvi. Mama Editha akaacha mchele, akamtazama Pazi.

"Ujumbe wake ni huu," Castory akaendelea, na hapo, kwa sifa zake zote, alishusha sauti akayasema maneno kama alivyopewa. "Mama, redio uliyoniletea ndiyo iliyonirudisha kuwa mtu. Watoto wako wanakula kwa redio ile, mpaka leo. Sikuwahi kukwambia ahsante kwa sababu sikuwa na mdomo wa kukwambia. Leo nakwambia. Ahsante, mama. Nakuomba usiondoke kesho. Kaa mpaka mguu upone. Mimi sijafukuzwa kwangu, mimi naona nimepewa baraka."

Hapo Castory angenyamaza. Lakini mtangazaji ni mtangazaji, akaongeza kwamba salamu ziwafikie pia na wengine wote wanaomfahamu, na kwamba wana haki ya kumjulia hali mgonjwa. Kisha gitaa likarudi, na ile tik.

Njia nzima ilikuwa imetulia. Fundi cherehani wa pembeni alikuwa ameacha pedali. Mama Editha alifuta macho kwa upande wa khanga, akamshambulia Pazi kwamba ana mgonjwa ndani tangu siku zote hizo na majirani hawajui, na ni ujirani gani huo. Pazi alikuwa ameinama akiihesabu ile tik, akiona haya, akingoja gitaa liishe.

Liliisha. Pakawa kimya, mikwaruzo tu. Halafu ikaja sauti ambayo hakuitegemea, ya mkewe, iko karibu sana na maikrofoni kama ya mtu asiyejua ishikwe vipi.

"Haya ni majibu," alisema Shamsia. "Yametoka kwa Bi Mwaisha, chumba cha uani. Amenituma niseme kama alivyosema, nisipunguze." Akavuta pumzi. "Anasema, mwambie Pazi, nilipompa redio ile nyumba yangu ilikuwa kimya mwaka mmoja tu. Mwaka wa pili nilikwenda harusini kwa kina Faraja, ng'ambo ya mto, wakapiga kanda waliyoinunua mjini. Ndani ya wimbo nikasikia tik. Nikauliza kanda hii ya nani, wakasema ya Pazi wa Morogoro. Nikawaambia hiyo ni redio yangu. Wakanicheka."

Pazi alikuwa amesimama, hajui amesimama saa ngapi.

"Anasema, tangu hapo kila nyumba Kinole ina kanda zako. Jioni nikikaa nje naisikia redio yangu kwa huyu, naisikia kwa yule, mpaka kule juu msituni kwa wapasua mbao. Nilikupa moja, ukanirudishia mlima mzima. Siku hizi hapa kwako ulinipigia nyimbo zisizo na tik, nikadhani redio yangu imekufa na wewe unaona aibu kuniambia. Leo nimeisikia. Imenitosha." Sauti ya Shamsia ikaanza kukatika, lakini alikuwa ameahidi kutokupunguza. "Anasema, mwambie mwanangu ahsante. Mwambie Abeid aende na ndizi zake. Na mwambie, kuanzia leo akikohoa mimi siinuki. Nitajifunika khanga, yeye atazame ukuta, apite. Mila haikusema tuumizane."

Mwanangu. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuna siku Bi Mwaisha alimwita hivyo, wala hakukuwa na njia ya kumwita. Pazi alilia pale barazani mchana kweupe, mtu mzima, mbele ya Mama Editha na fundi cherehani, na wala hakugeuka upande. Alikuwa na shukrani nyingi mno kujali nani anaona. Mama Editha hakusema neno, jambo ambalo kwake ni msaada mkubwa. Aliingia ndani akatoka na papai lililoiva vizuri, akalifunga kwenye kitambaa, akasema yeye anakwenda kumwona mgonjwa baada ya mwenye nyumba kutangulia.

Pazi akavuka njia. Alisimama mbele ya mlango wake, akasafisha koo, akakohoa.

Akatega sikio kwa mazoea. Gongo halikugonga. Mguu haukuburutwa. Kutoka ndani ilisikika kanda imegeuzwa upande wa pili, gitaa linaanza, na tik ikizunguka taratibu na gurudumu lake. Shamsia akamfungulia. Castory alikuwa bado ameshika maikrofoni, macho mekundu, ameishiwa maneno kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

Ilibidi Pazi apite uani kwenda kunawa uso. Alipita akiwa ametazama ukuta kabisa, bega lake likiukwaruza, lakini pembeni mwa jicho hakuweza kutokuona mkeka, na hogo jeupe limewekwa juu ya mto, limetulia, na mwanamke amejifunika khanga kuanzia utosini mpaka kiunoni kama bibi harusi. Mikono yake ilikuwa nje. Kidole kimoja kilikuwa kinagonga mkeka kwa kufuatisha ile tik.

Chini ya khanga Bi Mwaisha akamwita bintiye.

"Mwambie mwenzio aongeze sauti."

Pazi alikuwa amesimama hapo hapo na amesikia kila neno. Alingoja. Shamsia akamgeukia, akamwambia kwa utaratibu wote kwamba mama anaomba uongeze sauti. Pazi akasema haya, akarudi sebuleni, akaongeza.